Kisanduku cha Tisa

Maabara ya Kobe imenijibu kwa sentensi tatu:
Karibu mwezi wa Juni.
Meza yako iko dirishani.
Posho hatutoi.

Niliisoma nimesimama jikoni, Gyumri,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyangu.
Mama akauliza, "Wamekataa?"
Nikasema, wamekubali.
"Mbona uso huo?"

Tangu siku hiyo nawinda fedha za watu nisiowajua.
Kuna mfuko unaotaka mwombaji asizidi miaka ishirini na miwili;
mimi nilitimiza ishirini na tatu Februari, na keki nikaila.
Kuna mfuko wa wasichana wa sayansi, ila wa nchi zenye bahari;
yangu haina hata ufuko wa kudanganyia.
Kuna mfuko unaorudisha gharama zote, hadi senti ya mwisho,
ukisharudi, ukiwa na risiti:
yaani pika kwanza, ule, ushibe,
ndipo tukuazime kiberiti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama. Huku chini kuna vumbi
na waombaji wenzangu elfu moja mia nne,
tunagongana vichwa, tunaombana radhi.

Profesa Melkonyan aliandika barua yangu ya mapendekezo
kwa kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto anayetunga sindano.
Kisha akafunga mlango.
"Kisanduku cha tisa," akasema. "Kwa nini wewe. Maneno mia tatu.
Mwandike bibi yako. Mwandike na mtoto aliyempoteza.
Wale wana meza ndefu na chai ya moto. Wape cha kulilia."

Jioni nikakaa na bibi Siranush,
kalamu mkononi kama karani wa mahakama.
Habari yote ninayo kichwani:
Desemba, saa tano na dakika arobaini na moja asubuhi,
yeye uani anaanika shuka linaloganda kabla halijanyooka,
ndani mwanawe Gevorg anatafuta kiatu cha kushoto.
Ghorofa nne zikawa kimo cha meza.
Ninalo na kontena la chuma tulilopewa la kusubiria,
tukasubiri majira ya baridi ishirini na mawili,
nikazaliwa humo, herufi za kwanza nikazichora kwenye kutu.

Niliandika maneno mia moja na kumi.
Nikayahesabu.
Nikajikuta nagawanya: nauli, chumba, bima,
kwa mjomba nisiyemwona.
Dramu ngapi kwa neno, Gevorg?
Nikafuta.

"Hiyo meza ya Kobe," bibi akauliza,
"hiyo inayotikiswa na mashine. Wanaweka nini juu yake?"
Nyumba, bibi. Nzima, ya ghorofa tatu,
na makabati, na vikombe ndani ya makabati.
"Na watu?"
Hapana.
Akavuta blanketi hadi magotini, akanyamaza
mpaka birika likaanza kulalamika.
"Basi waambie wafiche kiatu. Kimoja tu.
Wapime mtu anachelewa kiasi gani kukitafuta."

Kisanduku cha tisa kilitaka maneno mia tatu.
Nilikipa kumi na mawili, bila jina la mtu:
*Nataka kupima muda uliopo kati ya kiatu na mlango, nyumba inapotikisika.*
Profesa alisoma, akavua miwani,
akasema nimejichimbia kaburi,
kisha akaomba nakala.

Machi mfuko mmoja ukajibu.
Nauli wametoa, kwenda na kurudi.
Chumba hawakutoa, wala chakula, wala bima,
na wanakumbusha kwamba viza ni juu yangu.
Mama amechukua zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate
na hataki tuizungumzie.

Leo nimefungua fomu nyingine.
Kisanduku cha kwanza: Jina kamili.
Zaruhi, naandika. Hapo tu ndipo sijawahi kusita.