Kipande Kisichofyekwa

Mwinchande alirudi na mizigo mitatu badala ya minne,
akaegemeza baiskeli ukutani, hakusema neno.
Nikajua kuna kitu. Mtu anayeuza majani
hasahau mzigo kama anavyosahau chumvi.

"Kule mwisho wa mabingobingo," akasema kwenye chai,
"karibu na lile jiwe la mpaka,
kuna bata anaatamia. Nimeparuka."

Bata! Wale wale
wanaopita juu ya bati letu saa nane za usiku
wakipiga mluzi mara tatu, kama vijana wanaoitana,
wakitua jarubani mwangu kufukua mbegu
niliyoikopa kwa Somoe, kilo moja nirudishe moja na nusu.
Mimi ndiye nipigaye debe mpaka kiganja kimeota sugu.
Kumbe mume wangu anawatundikia pazia.

Asubuhi nikaenda na kikapu. Sitaficha:
nilikwenda na kikapu, na kikaango akilini.

Mto Mzinga ulikuwa umeshuka baada ya mvua ya Jumapili,
umeacha chupa za maji na kandambili moja kwenye matete.
Upande wa Kongowe lori lilikuwa linamwaga kifusi;
bonde linazibwa kidogo kidogo, kama jino.
Nikafunua majani kwa fimbo.
Hakuruka mbali. Uso mweupe, shingo ndefu,
akasimama kwenye maji ya ugoko akinitazama,
na mwenzake akatokea, dume au jike sijui,
maana hao hupokezana kuatamia na sura zao ni moja.
Mayai kumi na moja.
Nikagusa moja kwa mgongo wa mkono
kama nipimavyo homa ya mtoto.

Juu ya nguzo ya umeme, kunguru wanne,
wale wa mjini, shingo ya kijivu, wasio na haya.
Hapo nikaukumbuka mwaka juzi:
Bwana Kihwele alipoongeza ng'ombe wawili
tukafyeka bonde zima hadi ukingoni,
likabaki kama kichwa kilichonyolewa jana.
Maganda ya mayai niliyakuta mpaka juu ya matuta ya mpunga.
Tukasema bata wana mkosi.
Mkosi gani? Ulikuwa ni wembe wetu.

Nikarudishia majani. Nikaondoka na kikapu kitupu.

Na hesabu yake si ndogo. Kipande kile
ni mizigo kumi na miwili, elfu mbili kila mmoja,
na Kihwele anapiga simu: ng'ombe hawali huruma.
Tumsifu, yule binti wa daftari na darubini,
alisema, "Wiki nne tu, mama. Na mkija kufyeka
anzieni katikati mwende nje,
ndege wapate pa kukimbilia."
Nikamuuliza, wiki nne hizo nani anazilipa?
Akatazama viatu vyake vyenye tope.
Nilimpenda kwa hilo. Hakunidanganya.

Walitoka tisa.
Niliwaona alfajiri, milia ya manjano mgongoni,
wakivuka tuta langu mmoja nyuma ya mwingine
bila hodi, wakaingia jaruba la pili
lenye maji machache na vijidudu vingi.
Yule wa mwisho aliteleza, akaanguka, akainuka
akakimbia kama aliyechelewa shule.

Mwinchande akafyeka kipande kesho yake.
Majani yalikwisha komaa, mabua magumu,
Kihwele akapunguza mia tano kila mzigo.
Elfu sita. Nimeiandika kwenye mlango wa kabati kwa mkaa,
sijui namdai nani.

Usiku huu mluzi umepita tena.
Nimeamka, nimechukua debe, nimesimama uani,
maana mpunga ni mpunga na deni la Somoe halina mabawa.
Nalipiga kwa nguvu zote.
Ila nimeligeuzia barabarani,
na Mwinchande, anayejifanya amelala,
anacheka ndani ya shuka.