Mstari wa Arobaini na Moja

Aivar, seva zako ulizipa majina ya samaki wa Emajõgi:
Haug, Ahven, Luts.
Kila moja uliijua kwa homa yake.
Luts, ulisema, haipendi kuamshwa Jumatatu.
Siku tatu ulimaliza ukilea seva moja,
amri kwa amri, kidole kwa kidole,
vikombe vya kahawa vikipangana dirishani
kama mashahidi.

Mimi nilikuja Tartu na faili.
Kurasa mbili tu.
Siandiki fanya hiki, kisha kile.
Naandika: kuwe na seva sita.
Kuwe na ukuta, na ukuta uwe na milango mitatu.
Na kule Ufini, katika jumba nisilopata kuliona,
zikawa.
Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Hazina majina. Zina namba, kama viti vya treni.
Zikifa, nazizaa upya kabla chai haijapoa.

Nakiri, nilikucheka.
Haug na Ahven nilizifuta saa nane za usiku,
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
barafu ya mto ikilia kama mbao inayopasuliwa.
Luts niliiacha hai.
Soma faili, niliiamuru mashine, linganisha,
na kisichoandikwa, ondoa.
Ikaondoa kitu kimoja.
Mstari mwekundu, mwembamba, ulipanda kwenye skrini
ukapita.
Sikuuliza.

Saa kumi, simu.
Maret wa Kavastu, mtunza kipimo cha maji,
sauti ya mtu aliyevaa koti juu ya nguo za kulalia:
"Kipimo changu kimenyamaza.
Barafu imeziba penye kona
na sijui mto umefika wapi."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini mimi daftari nilikuwa nalo.
Ndilo lililopoteza.

Nikakupigia. Ulipokea mlio wa kwanza,
kana kwamba miaka yote miwili ya kustaafu
ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, unangoja.
"Mlango wa 8442," ulisema.
"Niliufungua kwa mkono, usiku, mwaka ule wa mafuriko.
Nilikusudia kuandika."
Nikasikia unatafuta miwani usiyoihitaji.
"Nilikusudia."

Sasa umeandikwa. Mstari wa arobaini na moja:
mlango, namba, anwani ya Maret.
Na juu yake maneno ambayo mashine huyaruka,
ya kusomwa na mtu tu:
*Aliufungua Aivar Pukk. Usiuzibe. Mto unapita hapa.*

Saa kumi na moja kasorobo kipimo kikatamka:
sentimita mia mbili na nane.
Kisha mia mbili na tisa.
Maret alikuwa keshakata simu,
nadhani anatafuta buti.