Gramu Sita

Kopo lilikuwa la soda ya tarkhuna, kijani kama dawa,
aliyoinywa Tornike mbele yetu sote
bila kumbakizia mtu hata funda.
Akalikung'uta, akasema: setilaiti yenyewe hii.
Tukacheka. Nje, theluji ya Kutaisi ilikuwa inayeyuka,
ikidondokea ndoo chini ya dirisha la maabara.

Mimi nilipewa mizani.
Si ile ya washairi, ya kuhesabiwa vidoleni,
bali ya kuazima, ya duka la sonara, mjomba wake Eteri,
inayoshtuka hata ukiipumulia.
Kanuni ya shindano: gramu mia tatu hamsini, basi.
Zikizidi, rudini kwenu na kopo lenu.

Betri. Saketi. Kihisi cha joto, kihisi cha kanieneo.
Redio ya Lasha, aliyeungua kidole kwa lehemu
akawa anakinyonya kila alipofikiri.
Parachuti tulilikata kwenye mwavuli wa mwalimu wa kemia
(aliuulizia mwavuli huo mpaka Aprili).
Mia tatu hamsini na sita.

Gramu sita! Kijiko cha sukari!
Tukatoboa matundu, tukafupisha nyaya, tukakwangua rangi,
ukijani wote ukaisha, kopo likabaki uchi.
Bado mbili.
Ndipo Eteri, bila neno, akachukua bisibisi
akang'oa kibati cha shaba
kilichochongwa majina yetu manne.
Mizani ikatulia.
Hatukutazamana.

Siku ya kurusha, roketi ilipaa
kwa mlio wa kitambaa kinachopasuliwa.
Mita mia tisa. Mwavuli ukafunguka, doa jeusi,
kisha upepo wa mtoni ukaamua lake.
Kwenye skrini kanieneo inapanda, maana yake linashuka;
halafu halishuki tena.
Nyuzi kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne.
Mahali fulani ng'ambo ya Rioni, katika mizabibu.
Tornike akaanza kukunja nyaya.
Waamuzi walishakwenda kunywa chai.

"Kumi na saba," akasema Lasha.
Tukageuka.
Ishirini na mbili. Ishirini na tisa.
Jua? Jua halikuwapo.
Moto? Moto haungesita hivi,
ukapanda kidogo kidogo, ukasimama
kwenye thelathini na tatu, kama unaotafuta neno.
Eteri akatazama viganja vyake.
"Limeshikwa."

Nani, hatukujua: mtoto, mpogoa mizabibu,
mwokota vyuma chakavu.
Tulilijua joto lake tu,
sekunde kwa sekunde, hadi nukta moja ya desimali.
Na yeye, akiligeuzageuza, hakuona jina la mtu,
ila vitundu viwili vilivyoachwa na skrubu,
na ndani yake kitu kinawasimulia watu wanne asiowajua
jinsi mkono wake ulivyo na uvuguvugu.