Waya wa Ardhi

Uwanja wa Masasi, saa tatu.
Injini haijanguruma tangu jana,
nimeilazia kiganja: baridi kama mtungi.
Ila Hashaka akiwasha taa ya kutulia
mshale wa joto la mafuta unaruka hadi kwenye nyekundu.
Akizima, unashuka.

"Badilisha geji," anasema rubani.
Hii ya tatu, Kapteni Nampunda.
Geji tatu hazili njama.

Njia ya mwongo fupi, wanasema.
Ya huyu ina mita nne:
nyuma ya dashibodi, chini ya kanyagio,
inatoboa ukuta wa injini
hadi boliti moja, nene kama kidole gumba,
unapofungwa waya wa ardhi.

Nimeifungua. Shaba nyeusi tii.
Salfa ya mikorosho, magunia ya msimu uliopita,
vumbi tulilolipigia chafya hadi Agosti.
Umeme wa taa ulikosa pa kurudia,
ukakatiza uani kwa jirani,
na jirani akapiga yowe la moto.

Msasa. Spana, robo mzunguko.
"Washa."
Mshale umelala.
"Zima. Washa tena."

Nampunda anatazama saa yake.
Mimi nimeinama kwenye pipa la taka,
nazitafuta zile geji mbili.