Mlango Unafungukia Wapi

Huu mwaka wa ishirini na sita nashika randa,
na leo nimeketi, daftari mapajani,
katika ghala kuukuu la tumbaku, hapa Arua.
Harufu yake bado imelala kwenye boriti;
ukikohoa, inaamka.

Mwalimu Candiru hajatimiza thelathini.
Ameandika ubaoni: 1:20.
"Moja," anasema, "inasimama badala ya ishirini."
Zamzam wa Oli, aliyeyachoka mafuta ya mandazi,
anadakia: "Kama mbunge wetu!
Alisimama badala yetu, kisha akaketi."
Darasa zima hoi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mkono.
Maana kipimo changu tangu ujana ndicho hiki,
shubiri ya kulia,
na gumba lililobaki nusu kwa msumeno wa Ndeeba.
Meza zangu zote mjini humu
zimepunjika upande mmoja
kwa kadiri ya gumba hilo.

Na kabati la Onzima je?
Mtiki mtupu, milango mitatu, kioo cha kutoka Kampala.
Wanaume sita walilibeba kutoka karakana.
Mlango wa nyumba ukalikataa.
Tukalilaza, tukaliinamisha, tukalijaribu dirishani,
mvua ikaanza.
Onzima hakunena neno.
Mkewe ndiye aliyeleta msumeno.
Limo humo hadi leo, na kovu katikati,
nguo za mume huku, za mke kule,
nami mtaa ule naupitia kwa nyuma.

"Kata nyumba wima," anasema Candiru,
"uchore ulichokiona ndani."
Kukata nakujua. Kukata na kujuta nakujua zaidi.
Sikujua kuna kukata kwa penseli,
ukuta ukapasuka toka paa hadi msingi
na mwenye nyumba asipige kelele.

Kisha akachora mstari uliokatikakatika.
"Huu ni wa kitu kilichopo ila hakionekani.
Ulimi wa ubao ndani ya tundu lake.
Boriti juu ya dari."
Akaendelea kutaja; mimi nilikuwa nimeshaondoka,
nimerudi kwenye majengo yote
ambako mhandisi alikunjua ramani juu ya tofali
nami nikatikisa kichwa kama mjusi kafiri,
ndiyo, ndiyo, nimeona,
halafu nikamvuta kando Obitre, mwanagenzi wangu,
nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba namtahini:
"Haya, kijana, hapa pameandikwa nini?"
Akajibu kila mara, kwa adabu.
Sasa ni msimamizi huko Juba.
Nadhani alijua.

Mtihani ni Ijumaa.
Tumeambiwa kila mtu achore nyumba yake.
Usiku wa tatu huu naichora,
Adiru kanishikia tochi, mkono umemchoka.
"Mimi niko wapi humu?"
Nikamwonyesha: jikoni.
"Huyo ni mimi," akauliza, "au sufuria?"
Nikafuta. Karatasi ikatoboka kidogo.
Nikaweka kiti kibarazani, kwa vipimo kamili,
milimita mia nne na hamsini,
akaridhika, akazima tochi.

Leo Candiru ameinama juu ya karatasi yangu,
kalamu nyekundu haijagusa kitu.
Ukuta, sawa. Dirisha, sawa.
Ghafla ikasimama.
"Fundi Ezama, mlango unafungukia wapi?"

Miaka kumi na tisa naishi mle.
Nikafumba macho mbele ya wenzangu,
nikanyoosha mkono wa gumba nusu,
nikausukuma hewani.

"Ndani," nikasema. "Kushoto.
Na unakwaruza sakafu."

Akachora tao dogo jekundu, kushoto.
Akaitazama penseli yangu, akatabasamu.
"Kukwaruza," akasema, "hakuna alama yake."