Uzi Mwekundu Juu ya Ramani

Nimesogeza sinia la wali,
nikatandaza ramani ya marehemu Emrys,
iliyochakaa mikunjo hata Hereford imetoboka.
Pikipiki ilikuwa yake, na ramani ilikuja nayo.
Uzi ni wa Mwanaidi, wa kushonea, mwekundu,
kanipa kwa sharti nisiukate.

Simu niliiuliza kwanza. Ina huruma ya kijinga:
inanipa barabara kuu, pana, iliyonyooka kama rula.
Sikuitaka. Ya kunyooka nalipwa kuiendesha.
Siku sita kwa wiki nashika usukani wa basi la ghorofa,
Coventry kituoni hadi hospitali, hospitali hadi kituoni,
na kila dakika mbili kuna kidole kinabonya kengele.
Kesho Jumapili. Hakuna wa kunibonyezea.

Basi nalaza uzi.
Mlangoni petu hadi Worcester, shibiri na kitu.
Worcester hadi Hereford, Hereford hadi Brecon,
uzi unatii, unalala kama paka aliyeshiba.
Llandovery nitajaza mafuta hata tangi likiwa nusu,
maana Jumapili, huko milimani, pampu hulala kuliko watu.
Kisha Llangadog, na hapo
uzi unagoma.

Kwenye karatasi Mlima Mweusi ni pingili moja ya kidole.
Lakini njia yake inapinda, inajikunja, inarudi kuchungulia ilikotoka
kama mtu aliyefika getini akakumbuka ufunguo.
Naukandamiza uzi kwa ukucha, kona kwa kona;
nikikaza huku, unafumuka kule.
Nilipounyoosha, pingili imekuwa karibu mbili.
Nimecheka peke yangu jikoni.
Huko ndiko niendako:
kwenye urefu ambao ramani imeuficha.

Haidari kapiga kutoka Leicester:
"Baba, una miaka hamsini na nane. Nenda na wenzako."
Wenzangu nawajua. Mbele yupo mwenye haraka,
nyuma yupo mwenye maneno,
na wa katikati huingia kona kwa pumzi za watu.
Mimi kona nataka niisome mwenyewe,
nikikosea, kosa liwe na jina langu.
Nimemwahidi ujumbe nikifika Brecon.
Hakuridhika. Kauliza kama nimebadilisha breki.
Nimebadilisha.

Kuna jambo sikumwambia.
Juu kabisa, kwenye kona iliyokunjwa kama kiwiko,
Emrys alichora msalaba kwa penseli, akaukoleza mara tatu.
Wiki nzima nimelala na msalaba huo.
Nimepanga: hapo nishuke gia ya pili,
macho yatoke ukingoni, yatazame ninakotaka kwenda,
kwa kuwa pikipiki hufuata macho.
Leo jioni nikamkuta mjane wake akimwagilia mawaridi,
nikauliza kwa adabu: Bi Gwenda, hapa palimpata nini?
Akavaa miwani, akainama, akacheka hadi akashika ukuta.
"Hapo husimama gari la aiskrimu.
Aliwahi kulipita, akanuna njia nzima."

Mvua, asilimia arobaini.
Koti nimelikunja, soksi za akiba zimo kwenye mfuko wa mkate.
Matairi nimeyapima, mnyororo umelamba mafuta.
Saa kumi na moja kasorobo jua litachomoza;
nitaisukuma pikipiki hadi mwisho wa mtaa ndipo niiwashe,
majirani wasinilaani.
Na mfuko wa kifuani nimetia pauni tatu za sarafu
ambazo hazimo kwenye hesabu ya petroli.

Mwanaidi kaamka kunywa maji.
Anauona uzi wake umelala Wales, umejaa makunyanzi.
Hasemi kitu. Anauokota kwa ncha ya mlimani,
anauzungusha kwenye kigurudumu, polepole,
Brecon, Hereford, Worcester, mlangoni petu,
halafu ananitazama.
"Huu ulikuwa wa kwenda," anasema.
"Wa kurudi uko wapi?"