Chupa ya Jumanne

Namarome alinipigia simu saa kumi na moja jioni:
"Njoo ule. Na kiti njoo nacho."
Nikabeba kile cha plastiki, chenye mguu mmoja mkaidi,
nikashika njia ya Namakwekwe,
watu wakiniuliza kama nahama.

Mvua ilikuwa imepita Wanale, ikaacha
nyuzi nyeupe za maji zikining'inia mwambani
na baridi ile ya Mbale inayoingilia mikono ya shati.

Jikoni, harufu ya malewa.
Aliyaroweka tangu jana, akamwaga maji mara mbili,
akayachemsha, akayatia karanga za kusaga,
kisha akayaacha yapikane na moshi wao wenyewe.
Alipofunua majani ya mgomba
mvuke ulitupiga usoni, miwani yangu ikapofuka,
nikala tonge la kwanza bila kuliona.

Tulikuwa watano, vijiko vinne.
Othieno wa stoo ya kahawa, acheka kabla hajafika
penye kichekesho, tukabaki kukisubiri.
Mama Khainza jirani, "mimi nimeshakula jamani,"
akala kutushinda.
Gidudu, mwenye nyumba, mlokole,
na glasi yake ya maji ya rosela
imesimama mbele yake kama shahidi mahakamani.

Ndipo Namarome akaingia chumbani, akapiga magoti,
akavuta kitu kutoka chini ya kitanda:
chupa, ndani ya gazeti lililokwisha kuwa la manjano.
Mvinyo. Mwekundu. Wa ng'ambo.
Aliachiwa na daktari mgeni siku anaaga zahanati,
miaka sita sasa.

"Niliuweka kwa siku ya kupandishwa cheo.
Halafu kwa mahafali ya Wabule.
Halafu kwa mabati.
Cheo alipewa mwingine. Wabule akahitimu
mimi nikiwa kitandani na malaria.
Na mabati yalipofika juu
sikuwa na nguvu hata ya kuyatazama."

"Na leo kuna nini?" Mama Khainza akauliza.

"Leo ni Jumanne."

Sasa, kizibuo. Nani ana kizibuo Namakwekwe?
Othieno akajaribu kisu, akajaribu msumari,
akajaribu kuisemesha kwa Kidhopadhola.
Gidudu akaipokea bila neno,
akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko.
"Kunywa sinywi," alisema akijifuta kidevu,
"lakini kufungua sikukatazwa."
Kizibo kikazama, kikaibuka, kikaelea
kama mpangaji aliyegoma kutoka.

Tukamiminiwa kwenye vikombe vya chai.
Ulimi wangu ukajikunja
kama siku niliyotafuna pera bichi nyuma ya darasa.
Othieno akanusa, akafumba macho, akajifanya mjuzi:
"Huu ni wa mwaka wa nzige."
Funda la pili liliniomba radhi kwa niaba ya la kwanza.
La tatu halikuomba kitu.

Umeme ukakatika na hakuna aliyeguna.
Mshumaa ukasimamishwa kwenye kopo la maziwa,
tukaendelea tulipoachia: bei ya kahawa,
jogoo wa padri anayewika saa nane usiku,
nani alimtongoza nani enzi za chuo cha uuguzi.
Watenga tulimtaja mara moja tu.
Kiti nilichokalia kilikuwa chake.
Namarome akadondosha tone sakafuni,
Gidudu akageuka kuangalia dirisha
kwa muda uliotosha.

Kisha Mama Khainza akaomba sufuria, akakomba ukoko,
tukacheka mpaka mtoto wa nyumba ya pili
akagonga ukuta.

Nilirudi na kiti kichwani,
miguu ya kiti juu, yangu chini,
yote sita ikiyumba kidogo.

Jumatano nikapita kuchukua bakuli langu.
Chupa ilikuwa dirishani, imeoshwa,
imejazwa mafuta ya alizeti hadi shingoni,
na kizibo kile kile ndani,
kinaelea.